Birika la Shangazi

Nilipoanza kuugua, mtaa wetu wa Waswahili pale Gitega ulinipongeza. Sisemi hivi kwa kejeli. Watu walikuwa wananipenda kweli, na mpaka leo nikiwakumbuka nacheka peke yangu kwenye cherehani. Mama yangu alikuwa amefariki baada ya kuumwa kwa muda mfupi, na mimi, binti yake wa pekee, niliyekuwa nikiswali kama vijana wengi wanavyoswali, yaani kwa kukumbushwa, ghafla nikawa wa kwanza kutawadha na wa mwisho kuinuka kwenye mswala. Wanawake waliokuja kumpa baba pole walinikuta uani naosha miguu. Wakaingia ndani, wakanywa chai, wakasoma dua, wakatoka, wakanikuta bado naosha miguu. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Walisema mama ameniachia imani, na mmoja akasema anatamani binti yake angekuja kukaa na mimi wiki moja tu ajifunze.

Hakuna aliyejua kilichokuwa kinaendelea kichwani mwangu, na mimi sikuwa na jina la kukiita. Kwenye kisomo cha mama, sheikh alisema kwamba mtu akishazikwa hufaidika na dua ya mtoto wake mwema. Mwanzoni maneno yale yalinipoza moyo. Nilikuwa na kitu cha kumfanyia mama, na mtu aliyefiwa hutamani sana kitu cha kufanya. Halafu, taratibu, yakageuka mzigo. Kama dua yangu ndiyo inayomfikia mama, basi swala yangu lazima iwe sahihi. Ili swala iwe sahihi, udhu lazima uwe sahihi. Na ili udhu uwe sahihi, lazima niwe na hakika kwamba maji yamefika kila mahali, katikati ya vidole, nyuma ya kisigino, kwenye kiwiko. Hakika hiyo sikuipata. Nilikuwa naona kwa macho yangu maji yakipita juu ya kisigino, lakini nikishusha tu mguu, kitu ndani yangu kinauliza: una hakika? Narudia. Namaliza kurudia, najiuliza kama niliweka nia. Naanza upya kutoka viganjani.

Yaani nilikuwa nimesimama uani na dumu la maji, na mama yangu yuko kaburini ananingoja nimalize kuosha mguu. Hivyo ndivyo nilivyoona mambo. Naandika leo kwa utulivu, lakini wakati ule nilikuwa naogopa kweli.

Baba ni fundi wa kushona, na mimi nilimaliza shule nikaingia kazini kwake. Yeye anashona kanzu na sare za wanafunzi, mimi magauni. Ni mtu mpole mwenye maneno machache, isipokuwa akipata la kujivunia. Basi alipata. Kila mteja aliyekuja kupimwa kanzu alisikia habari za binti aliyebadilika. Watu wa familia moja ya wauza vitambaa wakatuma ujumbe kwamba kijana wao anatafuta mke mwenye dini, na wamesikia hapa kuna binti anaswali mpaka miguu inavimba. Miguu ilikuwa imevimba kweli, ila ni kwa kukaa kwenye maji baridi wakati wa kiangazi. Baba aliniletea habari ile huku anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ningemwambia nini?

Kilichoharibu sifa zangu ni gauni la satini. Lilikuwa la bibi harusi, la rangi ya maziwa, na satini haipendi maji. Nilikuwa nimetoka kutawadha, nikakumbuka mkono mmoja, nikarudi, nikatoka tena, nikashika kitambaa na viganja vilivyolowa. Madoa yakabaki kifuani, kama kuna mtu amelilia. Baba hakunigombeza. Aliligeuza gauni huku na huku, akalikunja, kisha akaniangalia mikono yangu kwa muda mrefu, lakini nadhani aliona uchovu tu. Akasema, "Umechoka, mwanangu. Ibada bila kupumzika, hata mwili unakataa." Akampigia simu dada yake wa Muyinga.

Shangazi yangu alikuwa mjane mwenye kibanda cha chai na chakula mbele ya nyumba yake, karibu na soko la Muyinga. Chapati, sambusa, maharage, chai ya maziwa. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, mwepesi zaidi wa mdomo. Baba alimwambia kwenye simu kwamba anamletea mcha Mungu, asimchoshe na kazi. Baadaye shangazi alilirudia neno lile kwa miezi, kila aliponikuta nimelala mpaka jua limetoka. "Mucha Mungu, amuka, unga inakungoja."

Alinipokea kwa shangwe, akanipa chumba cha nyuma chenye dirisha la kuangalia uani. Huko uani ndiko kulikuwa na hazina yake, yaani madumu ya maji yaliyopangwa kando ya ukuta. Bomba la mtaani lilikuwa linatoa maji likipenda, na likikataa, watu wanabeba kutoka mbali au wanamlipa mtu wa baiskeli. Mwanamke wa kibanda cha chai hupenda maji yake kuliko anavyopenda ndugu zake, na mimi nikaingia katikati ya madumu yale na ugonjwa wangu.

Haikuchukua muda. Asubuhi alinisikia, akatoka na unga mikononi.

"We mutoto, uko naosha miguu ao uko naosha ngombe?"

"Natawadha, shangazi."

"Kutawaza gani hiyo? Bido mzima ya maji imeisha. Mi nitapika chai na nini, na mate?"

Nikaomba radhi, nikaingia ndani nikaswali swala ambayo sikuiamini, na baada ya kutoa salamu nikarudi uani kimyakimya, nikatoa maji kwenye dumu la pili kwa kikombe, polepole, lisilie. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini, na nilikuwa naiba maji ili nimwabudu Mungu. Nilijiona mwizi na bado sikuweza kuacha.

Shangazi si mjinga. Baada ya siku chache akaona kwamba hii si ibada ya kawaida, akaamua ni shetani. Hilo lilimpa nguvu, kwa sababu shetani unaweza kumtafutia dawa. Alimjua mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani anayeandika kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha wino unaoshwa kwa maji na mgonjwa anayanywa. Mimi nimekunywa kombe tangu utoto, kwa homa, kwa mitihani, kwa kuota ndoto mbaya. Sina ubaya nalo. Shangazi aliileta sahani ameifunika kwa kanga kama anabeba mtoto, akamimina maji, wino ukaachia, akanipa kikombe. Nikanywa kwa bismillahi.

Tone moja likaanguka kwenye saruji.

Alikuwa ameshageuka kwenda kwenye moto, hakuona. Mimi nililiona. Tone la rangi ya manjano, lenye maneno ya Mungu, sakafuni, mahali watu wanapopita na viatu. Nikapiga magoti nikalifuta kwa kitambaa. Kitambaa sasa kina maneno ya Mungu, siwezi kukiacha jikoni. Nikakifua kwenye beseni. Maji ya beseni sasa siwezi kuyamwaga mtaroni. Shangazi alinikuta kwenye mgomba wa jirani, nimekumbatia beseni, nalia, natafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayewahi kukanyaga. Dawa yake ilikuwa imezaa kazi mpya. Alinipokonya beseni lile, akamwaga chini ya mgomba, akasema, "Yoo, mwana wanje," yaani mwanangu, Kirundi cha huruma, nikajua amekwama.

Aliyetukwamua ni mama mmoja Mkristo wa Mwakiro aliyekuwa anamletea shangazi maziwa na maharage. Alikuwa mkulima, alikulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi na kurudi akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba shangazi alimtania anaongea kama redio. Siku hiyo nilimpokea maziwa. Akakishika kiganja changu badala ya kuachia chombo, akakigeuza. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, na kwenye kifundo kulikuwa na damu iliyokauka.

"Dada," akamwambia shangazi, "huyu binti anaumwa."

"Anaswali sana," shangazi akasema. Hata wakati huo, akanitetea.

"Mimi dini yenu siijui, na sitaki kuingilia. Lakini mikono naijua. Mdogo wangu kule kambini alikuwa anafunga mlango, anarudi kuufunga, anarudi tena, mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Sisi tulikuwa tunacheka. Tulidhani anatania. Mpelekeni kwa watu wanaojua."

Akapokea vyombo vyake vitupu akaenda. Shangazi alikuwa amenilisha wiki kadhaa na hakuwa ameniangalia mikono hata mara moja, kwa sababu muda wote alikuwa anaangalia madumu. Alinivuta nikakaa kwenye kigoda, akachota mafuta ya chapati, yaliyokuwa karibu, akanipaka kila kidole mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikaa pale nimeguswa moyo sana, nampenda kupita maelezo, na wakati huohuo nawaza kwamba mafuta yanazuia maji kufika kwenye ngozi, na sasa itabidi nitumie sabuni.

Jioni ile alijifunga mtandio akanipeleka kwa imamu wa msikiti mdogo wa mtaa wao. Nilitegemea mzee. Alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka michache, na mchana alikuwa anauza vipuri vya baiskeli. Alitukaribisha dukani katikati ya minyororo na matairi, akasikiliza mpaka mwisho, na muda wote alikuwa anaangalia matairi, nadhani kwa aibu ya kuzungumza na msichana mambo ya miguu yake.

"Dada," akasema, "mutu akikuwa na shaka mara moja, anarudia, hakuna probleme. Lakini shaka ikikuwa maladie, ikikuwa ugonjwa, huyo hana ruhusa ya kurudia. Hata akiona kama hajaosha. Anaendelea tu."

"Na kama kweli maji hayakufika?"

"Basi hayakufika. Swala yako iko sahihi."

"Na dua? Ya mama yangu?"

Hapo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, kama ndio anaelewa tumekuja kwa sababu gani. "Mama yako hangojei kisigino chako," akasema kwa sauti ndogo. "Na uende na hospitali. Kule kuna mutu anasikiliza wagonjwa wa hivi. Mi nimetuma wengine."

Nilimchukia. Lazima niseme ukweli. Kila mtu angedhani ningefurahi kupewa ruhusa, lakini ruhusa ile niliisikia kama mtu ananiambia nimwache mama yangu njiani niende zangu. Kuosha kulikuwa kunaniua, na kulikuwa ndiyo kazi ya mwisho niliyokuwa ninamfanyia. Njiani nilimwambia shangazi kwamba kijana yule hajui chochote, auze minyororo yake. Tulipofika nyumbani shangazi akanikalisha uani. Akaenda kibandani, akarudi na birika.

Kila kibanda cha chakula kina birika la namna ile, la alumini, lenye mdomo mrefu, na beseni lake chini. Mteja akikaa, mtu anamletea birika na beseni, anammiminia maji mikononi kabla ya kula. La shangazi lilikuwa na mbonyeo upande mmoja na kifuniko kilichofungwa kwa waya. Akalisimamisha mbele yangu.

"Kuanzia kesho, mi ndo namwaga. We utakuwa unaosha tu. Birika moja. Nikisema basi, ni basi."

"Shangazi, na kama hujaona vizuri?"

"Ikikuwa dhambi, ni ya kwangu. Utaniachia mi niongee na Mungu."

Adhuhuri ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Kibanda kimejaa, watu wanagonga vijiko, na yeye ameacha yote akatoka uani na birika. Aliinama pembeni yangu akamimina kama anavyowamiminia wateja, uzi mwembamba wa maji, bila haraka na bila kupoteza tone. Viganja, mdomo, pua, uso, mikono. Nikapaka kichwa. Miguu. Nilikuwa bado nimeshika kisigino cha kushoto aliposema, "Basi." Nikamwomba kidogo tu. Akaligeuza birika juu chini, nione lilivyo tupu. Kisha akatandika mikeka miwili pale kwenye vumbi, akasimama kando yangu bega kwa bega, na kabla sijapata nafasi ya kufikiri akaleta takbira.

Ile swala sitaisahau. Kwenye kila sijda nilikihisi kisigino changu kikavu, kikavu kabisa, kama kimeungua. Nilitaka kutoka mbio. Bega la shangazi lilikuwa limegusana na la kwangu, zito, lina harufu ya moshi na iliki, na sikuweza kutoka bila kumsukuma. Tukatoa salamu. Hakuna kilichotokea. Mbingu hazikuanguka, wateja wakaendelea kugonga vijiko, na mmoja akauliza kwa sauti kama maharage ya huku yanapikwa au yanaombewa.

Tulifanya hivyo kila swala. Nilimbembeleza, nikanuna, siku moja nikaligonga birika kwa teke, ndipo likapata mbonyeo wa pili. Kila kitu kilimalizikia kwenye neno lake lile moja. Basi.

Na hospitalini tulikwenda pia. Muuguzi aliyetupokea alikuwa Mkatoliki, na rozari ndogo ilining'inia kwenye funguo zake. Nilimweleza kila kitu nikidhani atashangaa, hakushangaa. Alisema ugonjwa huu humshika kila mtu pale anapopapenda zaidi. Mama mwenye mtoto mchanga ataogopa kumdhuru mtoto, mtu wa dini atashikwa kwenye dini. Alinipa vidonge, na akanifundisha kuiacha shaka ikae bila kuijibu, kama mgeni mbishi ambaye humfukuzi na humletei chai. Alipenda habari ya birika, akaniomba nimweleze mara mbili. Lakini alimwambia shangazi jambo ambalo sisi hatukulijua.

"Mama, usiwe unamwambia ameosha vizuri. Hiyo 'umeosha vizuri' itakuwa kuosha ingine. Atakuja kukuuliza wewe siku mzima. Sema basi, halafu kwisha."

Alisema kweli, nilikuwa nimeshaanza. Nilikuwa namfuata shangazi mpaka kwenye moto: uliona, ulikiona kisigino, una hakika? Tangu siku ile nikimuuliza ananiwekea donge la unga mkononi, "Sukuma." Nikawa nasukuma chapati. Nilisukuma chapati nyingi sana Muyinga. Nikajifunza kusema subhanallah kwa kila duara bila kuhesabu, na hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu jina la Mungu kupita mdomoni mwangu bila kuniuma.

Nisije nikaonekana kama nasema dini iliniumiza halafu hospitali ikaniponya. Haikuwa hivyo kwangu. Ramadhani ilipofika, wanawake wa mtaa walikuwa wanakusanyika uani kwa shangazi kufuturu, kila mmoja na chungu chake, na baada ya hapo tunakwenda tarawehe. Ukiwa kwenye safu, umebanwa kulia na kushoto, huwezi kurudia chochote. Safu inainama, unainama. Mtoto wa mtu amelala kwenye mguu wako, bibi wa upande wa pili anakohoa, na swala inasonga mbele na wewe ndani yake. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka vizuri. Vidonge vilinisaidia kulala, muuguzi alinisaidia kuelewa, lakini ile safu ndiyo iliyonikumbusha kwamba nilikuwa naipenda swala, kabla haijawa mtihani.

Kazi moja tu ilibaki, na hiyo niliificha. Dua ya mama sikuweza. Nilikuwa naanza, nasema "Ewe Mola, mrehemu mama yangu," na hapohapo nasikia kwamba sikuisema kwa moyo, naisema tena, na tena, mpaka maneno yanakuwa sauti tupu na ninainuka nimekata tamaa. Uani palikuwa na birika. Huku ndani hapakuwa na mtu wa kuniambia basi.

Nilirudi Gitega nikijimiminia maji mwenyewe. Shangazi aliniruhusu siku aliponikuta nimetawadha kwa kikombe cha chai kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kununua kitambaa. Baba alinipokea na cherehani iliyotiwa mafuta. Ile familia ya wauza vitambaa ilikuwa imeshapata mke mwingine mwenye dini, na nilimwombea heri dada yule na miguu yake. Nikarudi kwenye magauni. Shaka haikuondoka kabisa. Inakuja nikiwa nimechoka, au msiba ukitokea mtaani, inasimama mlangoni, inauliza, na mimi naendelea kushona.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka jana majirani wa Muyinga walimpigia baba simu. Shangazi alikuwa ameanza kutia chumvi kwenye chai, na siku moja aliacha moto unawaka akaenda kumtafuta mumewe sokoni, mume aliyefariki zamani. Baba akaenda kumchukua. Kibanda kikafungwa. Alishuka kwenye gari Gitega akiwa amebeba mfuko mmoja wa nguo na lile birika, ambalo alikataa kumpa mtu yeyote alishike.

Amepungua sana. Yule mwanamke aliyekuwa anajaza mlango sasa anajaza kona ya kochi. Lakini mdomo bado uko, na akinikuta nimekaa ataniita mcha Mungu mbele ya wateja. Kutawadha hawezi peke yake, magoti hayainami. Kwa hiyo ni mimi ninayemmiminia, uani, mahali palepale nilipokuwa nimesimama na dumu langu wakati watu wananisifu. Nilipoanza nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Udhu wangu mwenyewe nimejifunza kuuachia. Udhu wa mtu mwingine, na mtu huyu, sikujua kama ningeweza kuubeba.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, maji yanatoka kwenye ule mdomo mrefu, uzi mwembamba kama alivyonifundisha. Nilikuwa naangalia uso wake. Alikuwa amefumba macho kwa ajili ya jua, na nilikuwa nawaza jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba, na kwamba siku moja nitaiosha mara ya mwisho. Maji yakaisha.

"Mguu ya kushoto tumeosha?" akauliza.

Sikujua. Nilitazama chini, saruji yote ilikuwa imelowa, miguu yote miwili inang'aa, na sikuwa na kumbukumbu hata kidogo. Kitu kile kikasimama mlangoni, chenye nguvu kama zamani, kikaniuliza swali lake. Nilikuwa na dumu zima nyuma yangu. Ingekuwa rahisi sana.

"Basi, shangazi," nikasema.

"Uko na hakika?"

"Basi."

Akafumbua macho, akaniangalia, akaanza kutabasamu. "Vile nilikuwa nakuambia kule Muyinga."

"Vilevile. Ila wewe ulikuwa unaangalia vizuri."

"Mi?" akasema. "Kuangalia nini? Dirisha ya jiko ilikuwa nyuma yako. Mi nilikuwa naangalia chapati zangu zisiungue."

Nilibaki nimechuchumaa na birika tupu mkononi. Yule alikuwa shahidi wangu. Miezi yote ile nilikuwa nimeegemea macho yake, kwamba mimi sina hakika lakini yeye anayo, na hakuwa nayo. Alikuwa amesema basi bila kujua, swala baada ya swala, akajitwika dhambi ambayo hakuwa ameiangalia hata kama ipo, kwa sababu mtoto wa mdogo wake mikono yake ilikuwa inapasuka. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilianza kucheka, naye akacheka, mpaka baba akatoa kichwa dukani kutaka kujua kuna nini.

Nikamshika mkono tukaingia ndani. Aliswali amekaa kwenye kiti, mimi nikiwa chini kando yake, bega langu kwenye goti lake. Tulipotoa salamu nilinyanyua mikono nikamwombea mama yangu rehema. Nilimwombea mara moja. Kisha nikainuka, nikakunja mswala, nikaenda kumtengenezea shangazi chai.